UZI: Mratibu wa utoaji wa viungo na tishu hospitalini, kazi yake inavyokwenda na inapokwama

MratibuKla (mwanzisha uzi)

Wapendwa, salaam. Hospitali ya Mulago hapa Kampala ilifanya upandikizaji wa kwanza wa figo nchini Uganda Desemba 2023, mwaka uleule sheria yetu ya utoaji na upandikizaji wa viungo vya binadamu ilipotiwa saini. Tangu hapo maswali mengi yanaelekezwa kwa wapasuaji. Naomba uzi huu tuuweke kwa ajili ya mratibu, yaani yule anayeshika simu, faili na saa. Kiungo kikipotea, mara nyingi kimepotea siku kadhaa kabla ya kisu: sampuli iliwekwa kwenye barafu isivyotakiwa, au ndugu waliambiwa neno zito na mtu asiyefaa, mlangoni, wakiwa wamesimama.

Kwetu kazi imeanza na figo za watoaji walio hai, basi naanzia huko.

Jambo la kwanza: mratibu wa mtoaji asiwe mratibu wa mpokeaji. Anayemwona mgonjwa wa figo akiingia kusafishwa damu mara mbili au tatu kwa wiki, akimjua mkewe na watoto wake, hawezi kumsikiliza mtoaji kwa masikio huru. Hospitali ikiwa na muuguzi mmoja tu wa kazi hii, basi mahojiano ya mtoaji yafanywe na mtu wa idara nyingine kabisa, ofisa wa ustawi wa jamii kwa mfano, mwenye mamlaka ya kusema hapana na hapana yake ikakubaliwa.

Mahojiano ya kwanza ni ya mtoaji peke yake. Mlango umefungwa, simu imezimwa, na kama lugha ni Acholi au Runyankore na mratibu haijui, mkalimani asiwe ndugu. Hapo ndipo unapomwambia wazi kwamba anaweza kubadili nia hadi dakika ya kulazwa usingizi, na kwamba hakuna ndugu atakayeambiwa sababu.

Baada ya hapo vipimo vifuate ngazi, vya bei nafuu kwanza. Kundi la damu, presha iliyopimwa siku tofauti, sukari, kreatinini (taka ya damu inayoonyesha figo zinafanyaje kazi), protini na damu kwenye mkojo, VVU, homa ya ini B na C, kaswende, na ujauzito kwa mwanamke. Wengi huishia hapa. Anayevuka ndiye anayepimwa aina ya tishu na krosimachi, yaani kuchanganya seli zake na damu ya mgonjwa kuona kama zinapatana. Anayevuka hiyo ndiye anayekwenda kwenye picha ya CT ya mishipa ya figo, maana ile ina gharama na dawa ya kung'arisha mishipa ambayo mtu hapaswi kudungwa bila sababu. Nimeona mipango inayoanza na CT ili "tujue mapema". Ni kupoteza fedha za familia ambayo tayari imeuza shamba.

---

Daktari_Intern

Asante Mratibu. Swali: kama mtoaji amejitoa, mnawaambia nini ndugu? Tukisema "hafai kitabibu" si uongo huo?

---

MratibuKla

Daktari, ndiyo maana neno hilo lisitumike kama ugonjwa. Usimzulie presha wala "kijiwe kwenye figo", kwa sababu kesho ndugu watamnunulia dawa, na keshokutwa hospitali nyingine itaandika ugonjwa huo kwenye faili lake. Sema tu: "Timu imeamua kwamba huyu hatatoa figo, na sababu za mtoaji yeyote hatuzitaji." Siri inafanya kazi ikiwa ni kanuni ya wote. Ukiwatajia ndugu sababu za mtoaji wa kwanza kwa kuwa ni kisukari, ukinyamaza kwa wa pili watajua amekataa.

---

Maabara_Magharibi

Naongezea upande wa maabara, maana hapa ndipo tunapoumia.

Krosimachi ya seli hai inahitaji limfosaiti (chembe nyeupe za damu) za mtoaji na seramu (maji ya damu) ya mpokeaji. Tunaweka pamoja, tunaongeza komplimenti (protini zinazosaidia kingamwili kuua seli), tunahesabu seli zilizokufa. Zikifa kwa wingi, mpokeaji ana kingamwili dhidi ya huyo mtoaji na figo ile inaweza kukataliwa papo hapo mezani. Sasa basi: damu ya mtoaji kwa kipimo hiki iwe kwenye chupa ya heparini, kifuniko cha kijani, na ikae joto la chumba. ISIWEKWE FRIJI. Isiwekwe kwenye kisanduku cha barafu pamoja na sampuli nyingine. Limfosaiti zikipoa sana au zikikaa siku mbili zinakufa zenyewe, na tukizichanganya na seramu hatujui zimeuawa na nini. Damu ya kupima aina ya tishu kwa DNA ni chupa ya EDTA, kifuniko cha zambarau, hiyo haina shida na ubaridi. Seramu ya mpokeaji ni chupa nyekundu.

Kosa la pili ni historia ya kuongezewa damu. Wagonjwa wa figo wanaishiwa damu, wanaongezewa, na kila chupa inaweza kuzalisha kingamwili mpya. Krosimachi ya Januari haina maana kama mgonjwa ameongezewa damu Februari. Mratibu wa mpokeaji aandike tarehe ya kila chupa, na baada ya kuongezewa tusubiri wiki mbili hadi nne ndipo tupime upya. Krosimachi ya mwisho ifanyike siku chache tu kabla ya upasuaji, hata kama ya kwanza ilikuwa safi.

Na mimba pia. Mama aliyezaa na mumewe anaweza kuwa na kingamwili dhidi ya tishu za mume, kwa kuwa mwili wake uliziona kupitia watoto. Kwa hiyo mume kumpa mke figo kuna hatari ambayo mke kumpa mume haina. Familia nyingi hazilijui hili, na mume akikataliwa na vipimo huona aibu bure. Aelezwe mapema.

---

Sister_Wodi

Maabara, na lile la baba na mtoto? Vipimo vya tishu si vinaonyesha kila kitu?

---

Maabara_Magharibi

Vinaonyesha, Sister. Mtoto hurithi nusu moja ya aina ya tishu kutoka kwa kila mzazi, kwa hiyo baba na mtoto lazima washirikiane nusu moja. Ndugu wa baba mmoja mama mmoja: robo hufanana kabisa, nusu hufanana nusu, robo hawafanani hata kidogo, na hao wa mwisho bado ni ndugu halali. Watu wa wodini wasione ndugu wasiofanana wakaanza kunong'ona.

Ila kwa baba na mtoto, matokeo yanaweza kufichua kwamba si damu moja. Suluhisho liko kabla ya sindano. Fomu ya ridhaa iulize: kipimo hiki kikifichua jambo la nasaba, unataka kuambiwa au hutaki? Jibu liandikwe. Ripoti inayokwenda wodini iseme tu "inafaa" au "haifai", jedwali lenyewe libaki kwa daktari wa upandikizaji. Tumeshazoea kubandika karatasi za maabara mbele ya faili. Hii isibandikwe.

---

Omusawo_Jinja

Mnasemaje kuhusu watoaji walionunuliwa? Barua ya LC1 (mwenyekiti wa kijiji) na ndagamuntu (kitambulisho cha taifa) vinatosha kuthibitisha undugu?

---

MratibuKla

Havitoshi, mzee wangu. Ndagamuntu inathibitisha jina na barua ya LC1 inathibitisha makazi. Undugu unathibitishwa kwa mazungumzo marefu yaliyotenganishwa. Muulize mtoaji peke yake: mgonjwa alianza lini kuvimba miguu? Nani humpeleka kusafishwa damu? Krismasi au Idi iliyopita mlikuwa wapi? Halafu muulize mgonjwa yaleyale. Dalili zinazonipa wasiwasi ni mtoaji mwenye maelezo yaliyokaririwa neno kwa neno, mtu wa tatu anayejibu kwa niaba yake, mtoaji asiyejua jina la mtoto wa "kaka yake", na haraka isiyoeleweka ya kwenda kufanyiwa nje ya nchi.

Tofautisha bei na fidia. Azimio la Istanbul la 2008 linakataza kiungo kuwa bidhaa, lakini linakubali mtoaji arudishiwe gharama halisi, kama nauli, malazi, dawa na mshahara wa siku alizolala. Kwa hiyo gharama ziwe na stakabadhi, na zipitie ofisi ya hospitali. Mpokeaji akimkabidhi mtoaji bahasha mkononi, hata ikiwa ni nauli ya kweli, hakuna atakayeweza kuitofautisha na malipo baadaye. Sheria yetu inaadhibu biashara ya viungo, na daktari aliyefumba macho naye anaguswa.

---

Sister_Wodi

Natoka chumba cha wagonjwa mahututi, naomba tuguse wale waliofariki ubongo. Ajali za boda zinatuletea majeraha ya kichwa kila wiki. Hata kama hapa kwetu bado hatujafika huko, tutafika, na nataka wauguzi wajue mratibu anaitwa lini.

---

ICU_Zamu

Sister, nchi zenye mfumo mzuri zimeweka kengele wazi: mgonjwa yuko kwenye mashine ya kupumulia, jeraha la ubongo ni kubwa, alama za Glasgow (kipimo cha fahamu) ni 5 au chini na reflexi (miitikio ya mwili isiyo ya hiari) zinapotea, au madaktari wanapanga kusitisha tiba. Hapo simu inapigwa, na mratibu anakuja kusoma faili tu. Haongei na ndugu. Matibabu hayapungui hata tone. Hispania ilipounda shirika lake la taifa mwaka 1989 iliweka waratibu ndani ya hospitali, wengi wao madaktari wa wagonjwa mahututi wenyewe, ili asiwepo mgeni anayetokea ghafla na fomu mkononi.

Sasa kupima. Kwanza masharti, na hapa ndipo watu huruka hatua. Chanzo cha kuzimia kijulikane, kwa picha ya CT au jambo la wazi. Joto la mwili 36 au zaidi. Presha ya juu isipungue 100. Sukari, sodiamu na asidi ya damu visiwe vimeharibika kiasi cha kueleza hali hiyo. Na dawa za usingizi ziwe zimeisha mwilini, yaani nusu-uhai tano (kila moja ni muda wa dawa kupungua nusu) zimepita. Fenobabitoni inatuponza hapa, maana nusu-uhai yake inaweza kufika saa 100. Mgonjwa wa degedege aliyepewa fenobabitoni si wa kupimwa kesho yake. Tena figo zake zikiwa dhaifu dawa nyingine pia hukaa zaidi.

Halafu reflexi za shina la ubongo moja moja. Mboni kwa mwanga mkali, konea (kioo cha mbele ya jicho) kwa pamba, maumivu juu ya jicho, mpira wa kunyonya makohozi ndani ya njia ya hewa kuona kama atakohoa, koo. Maji ya barafu mililita 50 kila sikio, kichwa kimeinuliwa nyuzi 30, unatazama macho dakika nzima, unangoja dakika 5 kabla ya sikio la pili. Angalia kwanza ndani ya sikio. Damu iliyoganda au nta hufanya kipimo kisiwe na thamani.

Kipimo cha kupumua ni cha mwisho kwa sababu ni cha hatari. Oksijeni asilimia 100 kwa dakika 10, kaboni dioksidi ya damu ianzie 35 hadi 45. Tenga mashine, pitisha katheta nyembamba ndani ya mpira wa koo, oksijeni lita 6 kwa dakika. Katheta ikiwa nene na kuziba mpira, hewa haina pa kutokea na mapafu yanapasuka. Fungua nguo, tazama kifua na tumbo kwa dakika 8 hadi 10. Presha ikishuka chini ya 90, au oksijeni ikibaki chini ya 85 kwa zaidi ya nusu dakika, rudisha mashine. Mwisho chukua gesi za damu: kaboni dioksidi ifike 60 au ipande 20 juu ya ilipoanzia, na asiwe amevuta pumzi hata moja. Hakikisha katriji ya mashine ya gesi ipo KABLA ya kutenga. Kufanya kipimo chote kisha ukose katriji ni kumtesa mgonjwa na kuwachosha ndugu.

Wanaopima ni madaktari wawili, na hakuna hata mmoja kati yao anayehusika na upandikizaji.

---

Daktari_Intern

Na muda wa kifo unaandikwa upi? Kuna siku cheti kimebishaniwa.

---

ICU_Zamu

Inategemea kanuni za nchi, Daktari, ndiyo maana lazima hospitali iandike yake. Uingereza huandika saa ya kumaliza seti ya kwanza ya vipimo, japo seti ya pili hufanyika. Marekani huandika saa ambayo majibu ya gesi yamefikia kiwango. Popote pale, saa ya moyo kusimama thieta si saa ya kifo cha mtu huyu. Karani wa kumbukumbu afundishwe hilo, la sivyo ndugu watakuwa na karatasi mbili zenye saa mbili, na watakuwa na haki ya kukasirika.

Jambo jingine la kuwaeleza ndugu mapema: uti wa mgongo bado unaweza kusogeza vidole, miguu, hata kuinua mikono kuelekea kifuani, hasa mashine inapotenganishwa. Wakiliona bila kuambiwa, wataamini mtu wao amezikwa akiwa hai, na hakuna atakayewatoa hapo.

Baada ya ubongo kufa mwili haudhibiti maji. Mkojo unaruka hadi zaidi ya mililita 4 kwa kilo kwa saa, yaani 240 kwa mtu wa kilo 60, sodiamu inapanda, na ikivuka 155 ini linaumia. Desmopresini, dawa ya kupunguza mkojo, maikrogramu 1 hadi 4 mshipani, rudishia maji, pima sodiamu kila saa 4. Presha ikilegea, vasopresini hadi yuniti 2.4 kwa saa hupunguza hitaji la noradrenalini. Methilprednisoloni miligramu 15 kwa kilo. Pumzi mililita 6 hadi 8 kwa kilo ya uzito unaolingana na urefu wake. Blanketi la joto, kwa sababu mwili hautajipasha tena. Kwa kukumbuka haraka usiku tuna kanuni ya mia: presha 100, mkojo 100 kwa saa, oksijeni ya damu 100, himoglobini gramu 100 kwa lita.

---

Kapelani

Naomba kusema juu ya mazungumzo, maana hayo ndiyo yanayofunga au kufungua mlango.

Habari ya kifo na ombi la kiungo ni mazungumzo mawili. Daktari aliyemtibu ndiye anayetoa habari ya kifo, bila kutaja viungo. Kisha watu waachwe walie, wapige simu kijijini, waulize tena na tena. Wakishasema wenyewe "ameenda", au waulize mwili watauchukua lini, ndipo mratibu anaingia. Chumba chenye viti vya kutosha, maji ya kunywa, mlango unaofungika. Kwa Baganda usimbane mjane peke yake: wazee wa ukoo na ssenga (shangazi) wana sauti yao, na mjane aliyekubali bila wao atabeba lawama miaka yote. Subiri wafike.

Maneno ya kuepuka: "kuvuna", "mashine inamweka hai", "angalau kifo chake kiwe na faida". Hilo la mwisho linaumiza kuliko mnavyodhani.

Waislamu huuliza dini inasemaje na maziko yatachelewa kiasi gani. La kwanza lina jibu: Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la Jeddah liliruhusu upandikizaji kwa masharti mwaka 1988, na mwaka 1986 lilikuwa limekwisha kujadili kifo cha ubongo. Lakini ni sheikh wao awaambie, si mimi. La pili ni letu, na tuseme ukweli. Kwa viungo, kuanzia ridhaa hadi mwili kutoka thieta inaweza kuwa siku nzima au zaidi. Ukisema "saa chache" na ikawa kesho, hutarudi tena katika msikiti ule. Wakatoliki wanaweza kuelekezwa kwenye hotuba ya Papa Yohane Paulo II ya 29 Agosti 2000, aliyoitoa Roma mbele ya mkutano wa upandikizaji na kuuita utoaji wa viungo tendo la upendo, ilimradi hakuna kulazimishwa wala kuuza. Kwa Mashahidi wa Yehova ni uamuzi wa mtu binafsi.

Na wakisema hapana, mshukuru, msindikize hadi getini. Hapana yao haina maelezo ya kutoa.

---

Fundi_Konea

Mnazungumza figo na ini, konea mmeisahau, na hiyo ndiyo iliyo karibu nasi kuliko zote. Haihitaji moyo unaopiga, haihitaji kulinganisha kundi la damu, na wazee wa miaka 70 wanaweza kutoa. Upandikizaji wa kwanza wa konea uliofanikiwa ulifanywa na Eduard Zirm mwaka 1905, miaka mingi kabla ya figo.

Muuguzi wa wodi ndiye anayeiokoa, katika dakika tano za kwanza baada ya kifo. Funga kope. Weka pamba iliyoloweshwa saline juu yake, na pakiti baridi juu ya pamba, si barafu tupu. Inua kichwa kwa mto nyuzi 20 hadi 30 ili uso usivimbe. Zima feni inayopuliza usoni. Andika saa ya kifo NA saa ya kuonekana mzima mara ya mwisho. Mwili ukikaa bila jokofu katika joto letu, lenga kuchukua ndani ya saa 6. Mwili uliopozwa mapema huvumilia zaidi, 12 hadi 24. Mochwari ambayo umeme umekatika usiku haihesabiwi kama jokofu, hata kama kitabu kinasema mwili uliingizwa saa mbili.

Uchukuaji wenyewe hauzidi saa moja. Osha jicho kwa povidoni-ayodini asilimia 5 kwa dakika chache, suuza kwa saline yote itoke, kwa sababu ikibaki inaua seli. Kata duara ukiacha ukingo mweupe wa milimita 2 hadi 4, inua konea bila kuikunja. Ikikunjwa mara moja tu, tabaka la ndani limekufa mistari mistari na utaliona chini ya darubini. Ndani ya maji ya kuhifadhia ya MK inakaa siku 4, ndani ya yale ya Optisol siku 14, nyuzi 2 hadi 8, isigande. Tunataka seli zaidi ya 2000 kwa milimita ya mraba. Kisha kofia ya plastiki chini ya kope, kope zinafungwa, na mtu akija kuaga haoni tofauti yoyote.

Visivyokubalika: kichaa cha mbwa au mtu aliyekufa kwa ugonjwa wa ubongo usiojulikana, VVU, homa ya ini B na C, saratani ya damu, sepsisi. Kwetu ongeza Ebola. Mlipuko wa Mubende na Kassanda ulianza kutangazwa Septemba 2022, na Januari 2025 ukatokea Kampala. Homa isiyoelezeka kabla ya kifo, usiguse, hata kama ndugu wamekubali na daktari wa macho anasubiri.

---

Maabara_Magharibi

Fundi, na sampuli ya damu ya marehemu! Mtu aliyevuja damu amejazwa maji na damu za watu wengine. Ukichukua sampuli baada ya hapo unaipima damu ya benki. Kama amepewa zaidi ya lita 2 za damu au koloidi ndani ya saa 48, au zaidi ya lita 2 za maji ya chumvi ndani ya saa moja, piga hesabu ya mchanganyiko kwanza, au tumia chupa iliyochukuliwa alipofika mapokezi. Kwa hiyo ombi langu kwa hospitali zote zenye wagonjwa wa ajali: chupa ya kwanza ya mapokezi ihifadhiwe friji wiki moja, isitupwe jioni. Gharama yake ni nafasi ya kibao kimoja cha friji.

Kwa viungo vya ndani, ongezeni virusi vya HHV-8 kwenye mjadala. Kwetu vimeenea, na mpokeaji anayekunywa takrolimusi (dawa ya kuzuia mwili usikatae kiungo) anaweza kupata saratani ya Kaposi. Havimzuii mtoaji moja kwa moja, ila daktari wa mpokeaji ajue atazame nini kwenye ngozi. Malaria pia: slaidi ya mtoaji siku ya upasuaji, na ikiwa ina vimelea, atibiwe kwanza.

---

Thieta_Mbili

Upakiaji wa figo, kwa ufupi. Figo ikishatoka na kusafishwa kwa maji baridi ya kuhifadhia hadi yatoke meupe, mfuko wa kwanza una figo na maji hayo, wa pili una saline ya barafu iliyopondwa, wa tatu ni mkavu. Kisha sanduku lenye barafu ya kawaida. Barafu haigusi figo kokote, na barafu kavu ya kaboni dioksidi ni marufuku kabisa, inagandisha na kuua. Pamoja nayo ziende chupa za damu ya mtoaji na kipande cha wengu na tezi kwa krosimachi. Kibandiko kina namba, kundi la damu, figo ya kushoto au kulia, saa ya kuanza baridi. Jina la mtoaji halimo.

Saa za kuvumilia: moyo kama 4, ini kama 12, figo 24 na kwa shida 36. Foleni ya Kampala mnaijua. Anayepanga safari apige hesabu ya saa kumi na moja jioni, asipige ya saa nane usiku.

Kwa mtoaji hai mambo ni mepesi zaidi: vyumba viwili vya thieta sambamba, kwa kawaida figo ya kushoto kwa sababu mshipa wake wa vena ni mrefu. Lakini chumba cha mtoaji kisianze kukata mpaka chumba cha mpokeaji kiseme mgonjwa amelala na yuko imara. Kuna njia moja tu ya kuepuka figo iliyotoka bila pa kwenda, nayo ni mratibu kusimama kwenye korido kati ya milango miwili na kupokea neno hilo kwa mdomo.

---

Omusawo_Jinja

Na mtoaji akishapona? Naona wote tunamfuata mpokeaji.

---

MratibuKla

Umegusa pale pale, mzee. Mpokeaji anarudi kwa lazima, dawa zake zinamrudisha. Mtoaji anajisikia mzima wiki ya sita anarudi bustanini, na hatumwoni tena. Hatari ya kufa kwa upasuaji wa kutoa figo ni kama watu 3 kati ya 10,000. Ni ndogo, lakini maisha yake yaliyobaki yako juu ya figo moja, na hiyo tunapaswa kuilinda sisi.

Ratiba yangu: wiki 2, wiki 6, miezi 6, mwaka, halafu kila mwaka. Presha, protini kwenye mkojo, kreatinini. Si lazima aje Kampala, kituo cha afya cha ngazi ya nne kilicho karibu naye kinaweza kupima presha na mkojo na kututumia picha ya majibu. Kreatinini yake itakuwa juu kidogo kuliko zamani na hilo ni la kawaida, kwa hiyo tumwandikie kadi yenye kiwango chake kipya, ili kliniki nyingine isimwambie figo imekufa. Kwenye kadi hiyohiyo kwa herufi kubwa: ASITUMIE DIKLOFENAKI WALA IBUPROFENI. Dawa hizi zinauzwa kila duka la dawa barabarani, na mtu anayelima mgongo humuuma. Parasetamoli anaruhusiwa. Mtoaji mwanamke akishika mimba, aseme mapema kliniki ya wajawazito kwamba ana figo moja, kwa kuwa presha ya mimba kwake ni rahisi kupanda.

Na nauli ya ziara hizo iwekwe kwenye bajeti ya upandikizaji kabla ya upasuaji, pamoja na nyuzi na dawa.

---

Sister_Wodi

Mratibu, kesho naanza na daftari. Safu zipi?

---

MratibuKla

Sister, saba zinatosha kuanzia: saa ya simu ya kwanza, nani alipiga, saa mratibu alipofika, saa ya kifo, nani aliongea na ndugu na saa ngapi, jibu lao, na kama hakuna kilichochukuliwa, kwa nini. Hiyo ya saba ijazwe siku hiyohiyo kabla ya zamu kubadilishwa. Ukifika mwezi wa tatu niandikie hapa safu ya saba imesema nini.